Ringi ya Lori

Kengele yetu ni ringi ya lori
iliyoning'inizwa kwenye nguzo nyuma ya jikoni langu,
katika shule iliyoegemea Gikomba, ambako nyundo za mafundi
huamka kabla ya jogoo na hazijui likizo.
Mimi ndimi nipikaye githeri ya watoto mia saba.
Naona mengi kupitia moshi.

Nilimwona Musembi wa gredi ya nne,
masikio kimya tangu homa ya utotoni,
akizungushwa kila Ijumaa ya vyama kama bakuli lisilo na mwenyewe.
Kwaya wakamwambia, kaa mbele, utapendeza pichani.
Wa ngonjera wakampa kitambaa ashike.
Timu ya mpira ikamwachia viatu avilinde,
jozi ishirini na mbili, pamoja na harufu yake.
Hakuna aliyemfukuza. Hilo ndilo lililonikera:
kila mlango ulikuwa wazi,
na nyuma ya kila mlango kiti kimoja, cha mtazamaji.

Na watoto ni watoto.
"Asiyesikia la mkuu," mmoja angeanza,
wengine wangemalizia kwa kumtazama miguu.
Miguu mizima kabisa,
iliyomtoa Majengo na kumfikisha hapa
kabla sijawasha kuni.

Januari mpiga kengele wetu alihamia Nakuru.
Bi. Kagendo akauliza gwarideni: nani anajua saa?
Hibaq, aliyefundishwa lugha ya mikono na shangazi yake,
akalipitisha swali kwa vidole.
Mkono wa Musembi ukapanda.
Kicheko kikatoka mstari wa mbele kikafika vyooni.
Mwalimu Wekulo akasema, lakini kengele ni ya masikio.
"Ya masikio yenu," akajibu Bi. Kagendo. "Kazi yake yeye ni saa."

Siku ya kwanza, aibu.
Aliikamata ringi kwa kiganja cha kushoto apate kuihisi,
akapiga kwa kulia.
Du. Du. Kama mtu anayekohoa ndani ya blanketi.
Chuma kilichoshikwa hakilii.
Hakuna aliyetoka darasani. Yeye kasimama palepale,
mkono ukimtetemeka kwa mlio
aliodhani umefika kote.
Niliacha mwiko sufuriani, lakini Hibaq alinitangulia.
Akaubandua ule mkono, polepole,
akaubandika kwenye nguzo.
Piga sasa.

Nguzo ikamwambia.
Nilimwona uso. Sitaueleza.
Nitasema tu kwamba mafundi wa Gikomba walinyamaza kidogo,
au mimi nilidhani hivyo.

Siku hizi wadogo wa gredi ya kwanza hupanga foleni nguzoni,
viganja juu, viganja chini, viganja ubavuni,
macho wameyafumba,
sikio moja wamelizika begani,
wakimngoja apige wasikie asikiavyo yeye.
Juzi nami nilipanga, vidole vimejaa maganda ya maharagwe.
Unapanda hadi kwenye kiwiko, ule mlio.
Halafu unakaa menoni.

Ila msidhani amegeuka malaika.
Wapiga kengele wa zamani walisikia maombi.
Mwalimu Wekulo angechungulia dirishani, "Dakika mbili tu, kijana!"
Nami ningepaza sauti, mahindi bado magumu!
Musembi hutupa mgongo.
Saa sita na nusu ni saa sita na nusu.
Tukimpungia mikono, yeye hukagua mawingu.
Hibaq anasema anatuona vizuri sana.

Leo githeri haijaiva.
Namwona akija, nyundo mkononi,
saa ya babake ikimcheza kwenye kifundo.
Nimenyanyua mkono wangu wenye masizi
nikamwonyesha ishara moja, ndiyo pekee niliyojifunza:
ngoja.
Ameitazama kwa makini.
Amenisogelea, akaninyoosha kidole gumba kikae inavyopasa.
Kisha amepiga.